Mteja hajakatika, umemuacha kwenye holdi

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama. Nimeanza kazi mapokezi kwenye ofisi ya kliaringi (ya kuwatolea wateja mizigo bandarini) hapa Dar, hii ni wiki ya tatu. Mezani kuna simu ya Yealink ina vitufe kibao. Nikimhamishia mteja kwa mhasibu au kwa bosi mara inaenda mara inakatika, juzi mteja wa Lubumbashi kapiga mara tatu, ya nne akampigia bosi kwenye simu yake ya mkononi akalalamika. Hakuna aliyenifundisha, waliniambia ni simu kama simu nyingine tu. Naomba unielekeze kuhamisha, kuholdi, kuunganisha watu watatu, na hivyo vingine vyote."

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la "simu kama simu nyingine" waliokwambia wamekukosea, na nalisema kwa uchungu kwasababu mi nimekaa mapokezi miaka mingi kabla sijaanza kazi ya kufunga na kufundisha hizi simu, na kila ofisi naona kitu kilekile, wananunua simu nzuri ya hela nyingi afu binti anakalishwa mbele yake bila hata nusu saa ya kuelekezwa, mteja akipotea analaumiwa yeye. Simu ya mkononi umezoea mtu mmoja, simu moja, ukikata imeisha. Hii ya mezani inaweza kushika watu wawili watatu kwa wakati mmoja na wewe ndo unaamua nani anasikia nini. Hiyo ndo tofauti yote. Kwahiyo kabla hujabonyeza kitufe chochote jiulize kitu kimoja: nikibonyeza hapa, yule wa upande wa pili atasikia nini? Muziki, kimya, mlio wa kuita, au sauti ya mhasibu anapiga miayo? Ukilijua hilo, vitufe vyote vinakuwa rahisi.

Sasa tuje kwenye kukatika kwako. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona karibu simu zote hizo hazikukatika. Ulifanya hivi: umebonyeza TRAN (kile kitufe cha kuhamisha), ukapiga namba ya mhasibu tuseme 104, ukarudisha mkonga. Ukadhani imeenda. Lakini kuandika 104 kwenye skrini sio kuipiga, mpaka ubonyeze # au OK au kile cha Send chini ya skrini ndo inatoka (ofisi nyingine fundi ameweka ijitume yenyewe baada ya sekunde chache, ndo maana kwako mara inaenda mara haiendi, siku ukichelewa kurudisha mkonga inakubali, siku ukiwa na haraka inakataa). Ukirudisha mkonga kabla haijatoka, kutegemea simu ilivyowekwa, 104 inaweza kufutika na mteja wako akabaki palepale ulipomuweka, kwenye holdi, yaani amesubirishwa. Anasikiliza muziki. Hakuna anayemuitia, hakuna anayejua yupo. Dakika mbili, tatu, anakata mwenyewe na kupiga tena kwa hasira. Wewe unaona imekatika, yeye anaona mmemdharau.

Na mtego wa pili unafanana na huo. Mhasibu hajapokea, wewe unakata ile simu ya kwa mhasibu, unanyanyua mkonga unasikia mlio wa kupiga namba mpya, unasema basi mteja kaenda. Hajaenda! Angalia taa ya laini pembeni ya skrini. Kijani iliyotulia maana yake unaongea naye, kijani inayopepesa taratibu maana yake yuko holdi anakusubiri, na inayopepesa harakaharaka ni simu mpya inaita. Ukiona ile ya taratibu, bonyeza hiyo laini yenyewe, au Resume chini ya skrini, unarudi kwake. Hiyo taa ndo rafiki yako mkubwa pale mezani, kila ukirudisha mkonga itupie jicho kabla hujageukia mgeni aliyesimama mbele yako.

Halafu vile vitufe vinne vya chini ya skrini usivikariri kwa nafasi. Havina jina la kudumu, kazi yake inabadilika kulingana na unachofanya, simu ikiita vinakuwa kupokea na kukataa, ukiwa unaongea vinakuwa Hold, Transfer, Conference na kukata. Soma kwanza kilichoandikwa juu yake ndo ubonyeze. Nimewaona watu wanakata wateja kwasababu kidole kimezoea cha pembeni na skrini imeshabadilika.

Kuhamisha kuna njia mbili na naomba uzijue zote mbili ila utumie moja zaidi. Njia ya kwanza ni ya kutupa: TRAN, unaandika 104, unabonyeza B Transfer iliyotokea chini ya skrini. Imeisha, wewe umetoka, mteja anasikia mlio wa kuita kwa mhasibu. Kama mhasibu yuko chooni, shauri yao. Njia ya pili ni ya kuuliza kwanza: TRAN, 104, halafu # (au OK). Mteja anasikia muziki, wewe unamsikia mhasibu. Unamwambia "nina mteja wa Lubumbashi, anauliza invoisi ya konteina yake, nimuunganishe?" Akisema ndio unabonyeza TRAN tena, hapo wameungana na wewe umetoka. Akisema niko na mtu, unakata upande wake tu kwa kile cha kukata chini ya skrini, taa inapepesa taratibu, unabonyeza Resume na unarudi kwa mteja: "samahani baba, mhasibu yuko na mtu, nimwambie akupigie baada ya robo saa?"

Mi kwa ofisi ya kliaringi nasema tumia ya pili karibu kila mara. Fikiria anayekupigia ni nani. Bandari ya Dar inahudumia mizigo ya Kongo, Zambia, Rwanda, Burundi, kwahiyo namba ikianza na 243 au 260 au 250 au 257 kwenye skrini ujue huyo mtu anapiga simu ya nje ya nchi, hela inakatwa kwake kila sekunde, hata akisikiliza muziki wako inakatwa. Konteina yake imekaa bandarini, gharama za kukaa zinaongezeka kila siku, na anaongea Kiswahili chake cha kule ambacho ukikisikiliza kwa haraka unaweza kumkosea. Mtu kama huyo humtupi tu. Unamuuliza jina na namba ya konteina MARA MOJA, unayabeba wewe mpaka kwa mhasibu, ili asije akaanza kujieleza upya kwa mtu wa pili na wa tatu. Ya kutupa iachie wenzako wa ndani, au mtu anayemjua kabisa anayemtafuta na umeshahakikisha yupo mezani.

Na kabla hujambonyezea muziki mwambie. "Subiri kidogo mama namuulizia kama yupo." Sekunde tatu tu. Muziki ukianza bila neno mtu anadhani amekatwa au amekosea namba.

Holdi na mute watu wanavichanganya sana. HOLD, hakuna anayemsikia mwenzie, yeye anasikia muziki kama mtambo wa simu wa ofisi umewekewa muziki, kama haujawekewa anasikia kimya kitupu (jaribu kujipigia kutoka simu yako ya mkononi ujue ofisini kwenu kuna nini, kama ni kimya mwambie mtu wa IT aweke, ni kazi ndogo). MUTE wewe unamsikia yeye, yeye hakusikii wewe, na hasikii muziki pia. Kwahiyo mute ni ya kikohozi, ya mlango unaogongwa, ya kumsikiliza mteja anayesoma namba ndefu huku pembeni kuna kelele. Ukitaka kwenda kabatini kutafuta faili hapo ni holdi. Na kuziba mkonga kwa kiganja naomba uache kabisa. Ofisi moja niliyofanya kazi zamani mwenzangu aliziba kwa mkono akamwambia bosi "yule msumbufu kapiga tena", mteja alisikia kila neno, akaondoa mzigo wote akahamia kwa wakala mwingine. Kiganja hakizibi kitu. Tena kama unatumia hedseti, nyingi zina mute yao kwenye waya, na hiyo ni tofauti na ya simu, unaweza kuondoa ya simu ile ya kwenye waya bado imefunga, ukabaki unasema haloo haloo peke yako. Ukiona mtu hakusikii angalia zote mbili.

Watu watatu. Unaongea na mteja, unabonyeza Conference (au Conf), mteja anaenda holdi, unapiga namba ya wa tatu na #, akipokea unamwambia unataka kumuunganisha na nani, unabonyeza Conference tena. Sasa mko watatu. Kitu kimoja uwe makini nacho hapa: simu yako ndo imewashika wote wawili, kwahiyo kwa kawaida ukirudisha mkonga wewe na wao wanakatika, isipokuwa fundi awe ameiwekea ile ya kuwaacha waendelee. Kama bosi anataka kuongea na mteja na wakala wa meli na wewe huna kazi humo, usiunganishe watatu kutoka mapokezi, mhamishie bosi mteja afu bosi mwenyewe amuite wa tatu kutoka mezani kwake. Vinginevyo utakaa na mkonga sikioni dakika arobaini na laini nyingine inaita.

Forward nayo, yaani kuelekeza simu zako ziende kwa mwingine. Kuna tatu: ya kila simu, ya ukiwa unaongea, na ya usipopokea. Hii ya usipopokea ndo nzuri kwa mapokezi, simu inaita kwako kwanza, ukiwa umetoka inaenda kwa mwenzako baada ya muda mliochagua. Ya kila simu ni hatari kwasababu watu wanaisahau. Unaiwasha Ijumaa jioni kwenda kwa mtu fulani, Jumatatu umekaa mezani unashangaa leo kumepoa kweli, kumbe simu zote zinaita mfukoni kwa mwenzako aliyeko likizo. Ukiwasha hiyo andika karatasi ubandike kwenye skrini yenyewe, sio kwenye daftari. Na ikielekezwa namba ya mkononi, ule mguu wa pili kutoka ofisini kwenda mkononi analipa ofisi, kwahiyo usiweke bila kumuuliza anayelipa bili. DND (Do Not Disturb, nisisumbuliwe) ndugu yake, ukiigusa bahati mbaya simu haiiti kabisa na unaweza kushinda siku nzima hujui. Asubuhi ukifika angalia skrini kama kuna alama yake, sekunde moja tu.

Sasa kodi, yaani namba fupi za amri unazopiga kwenye simu. Hizi sio za simu, ni za mtambo ulioko nyuma unaounganisha simu zote za ofisi, na ofisi nyingi ndogo zina mtambo wa Asterisk ukiwa na FreePBX (programu za kuendesha simu za ofisi). Kama na kwenu ni huo na aliyeufunga hakubadilisha, *72 inawasha forward na *73 inaizima, *78 inawasha DND na *79 inaizima, *97 ni voismeili yako (pale watu wanapokuachia ujumbe wa sauti), na *43 ni ya kujisikia mwenyewe, unaongea inakurudishia sauti yako, nzuri sana ukitaka kujua kama tatizo ni mkonga wako au ni kwa mteja. Muulize mtu wa IT kama ndo hizohizo, akupe orodha yenu, uiprinti uibandike ukutani.

Mbili za kodi nataka uzishike kwasababu zitakupandisha thamani. Ya kwanza *8: simu inaita meza ya jirani, mwenyewe hayupo, badala ya kukimbia meza hadi meza unapiga *8 kutoka kwako na unaipokea, mradi mmewekwa kundi moja. Ukitaka ya mtu maalum unapiga ** na namba yake, mfano **104. Kama kwenye vitufe vya pembeni fundi amewawekea wenzako majina yenye taa, hapo ni rahisi zaidi, kijani yuko huru, nyekundu iliyotulia anaongea, nyekundu inayopepesa haraka simu inaita kwake, na unajua kabla hata hujahamisha kwamba mhasibu yuko kwenye simu. Kama hawajaweka, omba uwekewe watu watano unaowahamishia sana. Hili nalisisitiza, mtu wa mapokezi bila hizo taa anafanya kazi amefumba macho.

Ya pili ni kupaki. Bosi wako nina hakika hakai mezani, anazunguka, mara stoo mara kwa madereva nje. Mteja anamtaka. Unahamisha simu kwenda 70, mtambo unakusomea namba, tuseme 71, unamtangazia bosi "simu yako iko 71", yeye anaenda simu yoyote iliyo karibu, anapiga 71, anaongea. Inafanana na kumkalisha mgeni kwenye kiti na kumwambia mwenyeji kakaa kiti kipi. Kwa kawaida asipochukuliwa ndani ya sekunde 45 simu inarudi kuita kwako, kwahiyo hapotei. Ila kumbuka hapa kuhamisha kwenda 70 lazima utumie ile njia ya pili, ya kuuliza, usikilize namba unayosomewa ndo umalizie na TRAN, ukiitupa hutaisikia na utabaki unakisia mteja yuko kiti gani.

Voismeili nitasema ukweli wangu, wateja wetu wengi hawaachi ujumbe. Wakisikia ile sauti ya Kizungu inasema sijui tafadhali baada ya mlio, wanakata wanahamia WhatsApp. Sasa kama ofisi inataka itumike, irekodiwe kwa Kiswahili kwa sauti ya mtu wa hapohapo, fupi, itaje jina la kampuni na saa za kazi, na taa ya ujumbe ikiwaka mtu aifungulie siku hiyohiyo. Na ile namba ya siri ya kuanzia ibadilishwe, usiache 1234 au namba ya ekstensheni yenyewe (namba ya ndani ya simu, kama ile 104), wezi wa simu wanaanzia hukohuko kupiga nje ya nchi kwa bili yenu.

Vingine havina maneno mengi. REDIAL inakuonyesha namba ulizopiga karibuni. Spika usiitumie na mteja bila kumwambia nani yupo chumbani. Kile cha kuongeza sauti kina kazi mbili, ukiwa huongei kinabadilisha mlio wa kuita, ukiwa unaongea kinabadilisha sauti ya sikioni, ndo maana wengine wanalalamika simu haiiti, kumbe walipunguza mchana ikiwa imetulia.

Waya pia. Nyuma kuna matundu mawili yanafanana, moja limeandikwa Internet lingine PC. Waya unaotoka ukutani unaenda Internet, kompyuta yako ndo inachomekwa PC. Wanaofagia wakichomoa wakarudisha kinyume, simu inaweza kukosa umeme au mtandao na wewe utadhani imekufa. Na simu nyingi hizi zinapata umeme kupitia waya huohuo wa neti kutoka kwenye switchi (kile kiboksi kinachounganisha waya zote za neti), kwahiyo umeme wa jengo ukikatika simu inazimika hata kama kompyuta yako ina UPS (betri ya akiba), mpaka na ile switchi iwe kwenye UPS. Mwambie bosi hilo kabla halijatokea, mpe na namba moja ya mkononi ya akiba ambayo wateja wa nje wanaijua.

Kwa anayesoma hii na simu yake ni ile ya zamani ya kawaida isiyo na skrini, yako kitufe ni FLASH au R. Unakibonyeza, unasikia mlio, unapiga ekstensheni, akipokea unarudisha mkonga. Usitumie kile cha kuwekea mkonga badala yake, ukikibonyeza kwa muda mrefu kidogo tu unakuwa umekata kweli.

Mwanangu, kesho baada ya kazi fanya hivi. Mwombe mhasibu akae dakika ishirini. Chukua simu yako ya mkononi uipigie ofisi, uipokee mwenyewe, halafu jihamishe kwa mhasibu kwa njia zote mbili huku sikio la pili lina simu yako ya mkononi, usikie anachosikia mteja kila unapobonyeza. Halafu muombe asipokee makusudi, ujifunze kurudi kwa Resume. Rudia mpaka vidole vikubali bila kuangalia. Kisha mpigie yule mteja wa Lubumbashi, kwa simu ya ofisi ili hela isikatwe kwake, mwombe radhi, mwambie konteina yake imefikia wapi, na akitaka kuongea na mhasibu muunganishe. Ukibonyeza TRAN na yale maneno ya B Transfer hayatokei chini ya skrini, niandikie namba ya modeli iliyo kwenye stika nyuma ya simu, kuna matoleo yanayoyaandika tofauti na nitakuelekeza kwa hilo lako.